Lowry, Mtoza Kodi Aliyewachora Watu wa Viwanda vya Nguo

Sisi watu wa mwambao twaijua nguo kabla ya kujua kusoma. Mtoto wetu huzaliwa akapokewa kwa kanga, na mzee wetu akifariki husitiriwa kwa bafta. Baina ya siku hizo mbili huja kaniki, kikoi, kanzu, buibui na shuka. Lakini ni wangapi kati yetu waliopata kujiuliza yale majora yaliyokuwa yakishushwa zamani bandarini Mombasa na Unguja, yenye chapa za miji ya mbali, yalifumwa na nani, na watu hao walikuwa wakiishi vipi? Leo nataka kuwasimulia habari za bwana mmoja aliyeutumia umri wake kuwachora watu hao. Jina lake ni Laurence Stephen Lowry, Mwingereza, aliyefariki mwaka 1976.

Sikumchagua kwa umaarufu wake peke yake. Nimemchagua kwa sababu alikuwa mtoza kodi, na mimi nami niliifanya kazi hiyo kwa miaka 11, nikizunguka na daftari katika mitaa ya Mombasa kukusanya kodi ya viwanja kwa niaba ya mwenye ardhi. Asiyepata kuifanya kazi hiyo, nadhani, hawezi kumfahamu Lowry sawasawa, na sababu yake nitaieleza mbele.

Kwanza nguo zenyewe. Babu zetu waliiita nguo nyeupe isiyotiwa rangi marikani kwa kuwa ililetwa na majahazi ya Wamarekani kutoka pande za Salem, katika jimbo la Massachusetts. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861 mizigo hiyo ilipungua sana, na nguo za Uingereza na za Bombay zikapata nafasi. Jina likabaki lile lile. Tangu hapo haikuwa ajabu mtu wa Pate au wa Vanga kuvaa nguo iliyofumwa Lancashire, jimbo la kaskazini-magharibi ya Uingereza ambalo soko lake kubwa lilikuwa mji wa Manchester. Kanga nazo zilipoanza kuvaliwa mwisho wa karne ya 19, nyingi zilipigwa chapa Ulaya, na Manchester ilikuwa na fungu lake. Mwaka 1913 Uingereza iliuza nje karibu yadi bilioni 7 za nguo za pamba. Pamba yenyewe haioti katika baridi ile. Ilitoka Marekani, Misri na India, na tangu mwanzo wa karne ya 20 ilitoka Uganda pia, ikateremka kwa gari la moshi hadi Mombasa. Kwa hivyo pamba ilipita mlangoni kwetu ikienda, na nguo ikapita ikirudi.

Basi Lowry alizaliwa tarehe 1 Novemba 1887 huko Stretford, kando ya Manchester, mtoto wa pekee. Baba yake, Robert, alikuwa karani katika kampuni ya kusimamia majumba, mtu mpole asiyesema sana. Mama yake, Elizabeth, alikuwa hodari wa kupiga piano na alijiona kuwa mtu wa daraja ya juu kuliko maisha aliyoyapata. Alikuwa ametamani binti. Alipata mvulana mkubwa wa umbo, mzito wa kutembea, na hakuificha huzuni yake. Naomba msomaji aliweke jambo hili akilini, maana ndilo lililomwandama Lowry mpaka kaburini.

Shuleni hakuonyesha jambo lolote la ajabu. Mwaka 1904 alianza kazi ya ukarani, na mwaka 1905 akajiandikisha katika masomo ya jioni ya uchoraji katika chuo cha sanaa cha Manchester. Huko alifundishwa na Mfaransa mmoja, Adolphe Valette, aliyekuwa akiichora Manchester katika ukungu na moshi wake wakati ambapo wachoraji wa mji wenyewe walikimbilia mashamba na milima. Lowry aliendelea na masomo ya jioni huko na huko Salford kwa karibu miaka 20. Watu husema hakufundishwa, kwamba alichora kama mtoto kwa kuwa hakujua zaidi. Si kweli hata kidogo. Michoro yake ya penseli ya ujana, ya watu walioketi mbele yake darasani, ni ya mkono uliokomaa.

Mwaka 1909 baba yake alielemewa na mambo ya fedha, ikabidi familia ihame kutoka mtaa wenye miti na nyumba za kiungwana, iende Pendlebury, mahali pa viwanda vya pamba na mashimo ya makaa ya mawe. Mama aliuchukia mtaa huo tangu siku ya kwanza. Lowry naye, kwa masimulizi yake mwenyewe, aliuchukia kwa miaka kadhaa. Kisha siku moja, yapata mwaka 1916, akachelewa gari la moshi. Akiwa pale stesheni akaona kiwanda cha kusokota nyuzi cha Acme kikifungua milango jioni, na mamia ya watu wakimiminika nje wamevaa nguo nyeusi, vichwa vimeinama, nyuma yao ukuta mkubwa wenye madirisha yaliyowashwa taa. Alikuwa amekipita kiwanda kile mara nyingi pasipo kukiona. Jioni ile alikiona, na hakukiacha tena kwa miaka 30 na zaidi.

Maisha ya watu hao yalikuwaje? Alfajiri, kabla ya jua, alipita mtu na mti mrefu akigonga madirisha ya orofani kuwaamsha wafanyakazi, na kila nyumba ilimlipa kidogo kwa juma. Mfano wake kwetu ni wale wapigao ngoma ya daku, ila yeye hakuwa na likizo baada ya mwezi mmoja. Kisha mawe ya barabara yalianza kulia kwa viatu vyao, vyenye soli ya mti iliyopigiliwa chuma na juu ngozi, ndugu wa mtalawanda wetu. Ndani ya kiwanda hewa iliwekwa iwe na unyevu na joto, maana uzi wa pamba ukikauka hukatika. Katika mabanda ya kufuma kelele ilikuwa kubwa hata wanawake walijizoeza kusemezana kwa kutazamana midomo, na wengi walizeeka viziwi. Vumbi la pamba liliwaharibu mapafu. Mpaka baada ya Vita Vikuu vya Kwanza mtoto wa miaka 12 aliweza kutumikishwa kiwandani nusu ya siku na nusu ya pili akaenda shule, ambako, bila shaka, alisinzia.

Nayaeleza haya kwa urefu kwa sababu katika michoro ya Lowry huyaoni. Hilo ndilo la ajabu. Amechora viwanda vingi kuliko mchoraji mwingine yeyote ninayemjua, na mashine ndani yake hakuna. Kuna lango, dohani ndefu, moshi, na watu. Watu wanaingia kazini, watu wanatoka kazini, watu wamekusanyika kutazama ajali au ugomvi, watoto wanatoka shule, watu wanakwenda kutazama mpira. Wameinama kidogo mbele kana kwamba upepo unawasukuma. Miguu yao ni myembamba, viatu vikubwa, uso ni nukta mbili tatu. Ndiyo maana wakaitwa watu wa vijiti vya kiberiti, na jina hilo yeye mwenyewe hakulipenda. Hawana vivuli. Na kati yao kuna mbwa, wembamba kama wao.

Wapo wenzetu wasiopenda kutazama michoro ya viumbe, na rai yao naiheshimu. Nimewaonyesha wawili watatu picha hizi katika kitabu, na mmoja wao akaniambia kwamba hawa si viumbe, ni herufi. Nimeifikiria sana kauli hiyo, na naona kuna ukweli ndani yake. Ukizitazama kwa mbali, zile safu za watu weusi juu ya ardhi nyeupe hufanana na mistari ya maandishi.

Weupe huo haukuja kwa bahati. Mwanzo picha zake zilikuwa za giza mno. Mwaka 1921, zilipoonyeshwa Manchester, Bernard Taylor, aliyekuwa akiandika habari za sanaa katika gazeti la Manchester Guardian, alizisifu gazetini. Lakini pembeni alimweleza kwamba watu wake weusi wanapotea katika ardhi nyeusi. Lowry alikasirika. Akaenda nyumbani, akapaka ubao rangi nyeupe tupu, akachora watu juu yake na kumpelekea, akidhani amemkomoa. Taylor akafurahi, maana hicho ndicho alichokuwa akikitaka. Tangu hapo Lowry aliianza kila picha kwa tabaka za rangi nyeupe, na aliigundua kwa subira namna weupe huo unavyogeuka kidogo kuwa rangi ya maziwa ukikaa miaka. Rangi zake zote zilikuwa tano: nyeusi, nyeupe, nyekundu, buluu na manjano ya udongo.

Sasa niseme juu ya kazi yake ya mchana. Mwaka 1910, baada ya kuachishwa kazi katika kampuni ya bima, Lowry aliajiriwa na Pall Mall Property Company ya Manchester kuwa karani na mtoza kodi. Alidumu hapo miaka 42, akapanda mpaka kuwa mkuu wa washika fedha, akastaafu mwaka 1952 na pensheni yake kamili. Na alificha. Hata alipokuwa mashuhuri na waandishi wa magazeti wakimzonga, hakutaka wajue kwamba mchana alikuwa ofisini au njiani na daftari la kodi, kwa kuogopa kuitwa mchoraji wa Jumapili, yaani mtu wa kujifurahisha tu. Watu wengi walipata kujua baada ya kufa kwake.

Hapa ndipo wanapotofautiana wenye kumhukumu. Wengine wasema ni aibu: mtu huyu alipita mlango kwa mlango akitoza shilingi za wafumaji na wasokotaji, kisha usiku akawachora kama siafu, akapata jina kwa umaskini wao. Wengine humfanya kuwa mtetezi wa wanyonge. Kwa maoni yangu hawa wa pili wamekosea zaidi. Lowry mwenyewe alikana mara nyingi kwamba alikuwa na nia ya kurekebisha jamii. Alieleza kwamba aliwachora kwa kuwa waliufanana upweke wake, na kwamba laiti si upweke asingeona alichokiona.

Na hao wa kwanza? Mimi nimepita milangoni. Mtoza kodi hakaribishwi ndani. Anaiona nyumba kwa upana wa mlango tu. Mtoto hutumwa aseme baba hayupo, na viatu vya baba viko pale pale kizingitini. Ukipita mtaa huo huo kila mwezi kwa miaka mingi unawajua watu wote na hujulikani na yeyote. Unajua nani amefiwa, nani ameachwa, nani ameuza kitanda, na hakuna hata mmoja unayeweza kumtembelea siku ya Idi. Unawajua kwa mwendo wao, kwa kuwa wakikuona kwa mbali hubadilisha njia. Nilipoziona picha za Lowry mara ya kwanza sikushangaa kwamba watu wake hawana nyuso na wana mwendo. Wala sikushangaa kwamba hakuingia kiwandani. Alikuwa mtu wa nje ya mlango, na alichora alichokiona kutoka hapo, mara nyingi kwa penseli juu ya bahasha au kipande cha karatasi alichokuwa nacho mfukoni. Kwamba pesa zile zilikuwa nzito kwa waliozitoa, hilo ni kweli, na picha haziliondoi. Bali mtu asiyekuwa na daftari lile asingezunguka mitaa ile miaka 42, na picha zisingekuwapo.

Mwaka 1932 baba yake alifariki, akaacha madeni ambayo hakuna aliyeyajua. Mama akalala kitandani na hakuinuka tena. Kwa zaidi ya miaka saba Lowry alirudi kutoka kazini, akamlisha, akamsafisha, akachana nywele zake, akamsomea mpaka alipolala. Kisha, saa nne za usiku, akapanda juu kuchora mpaka saa nane. Hakuoa. Mama hakuzipenda picha zake. Hakuona kwa nini mtu atundike ukutani kile ambacho yeye alikuwa akiomba asikione dirishani. Inasimuliwa kwamba alipenda moja tu, ya mashua za matanga baharini, isiyokuwa na kiwanda ndani yake. Katika miaka hiyo, mwaka 1938, Lowry alichora kichwa cha mwanamume mwenye macho mekundu, ametumbua, shingo imefungwa skafu. Hiyo siyo picha ya kutundikwa sebuleni, na mimi huigeuza ukurasa wake upesi.

Sisi tuliolelewa kujua haki ya mama tutasema alitenda wajibu wake, na ni kweli. Lakini kumtumikia mama ni jambo moja, na kumsubiri akuambie kwamba umefanya vyema ni jambo lingine. Lowry aliyabeba yote mawili kwa pamoja. Mwaka 1938 mwenye duka la picha wa London, A. J. McNeill Reid, alizikuta picha zake kwa mtengeneza fremu, akaziulizia ni za nani. Mwanzoni mwa 1939 ikafanywa maonyesho yake ya kwanza London, yeye akiwa na umri wa miaka 51, na jumba la sanaa la Tate likanunua picha moja. Oktoba mwaka huo huo mama akafariki. Alisema mara nyingi baadaye kwamba kila kitu kilimjia kikiwa kimechelewa.

Heshima zilianza kumiminika. Mwaka 1953 alialikwa rasmi kuchora sherehe za kutawazwa Malkia Elizabeth. Mwaka 1962 akawa mwanachama kamili wa Royal Academy. Mwaka 1967 picha yake ya watoto wakitoka shule ikawekwa kwenye stempu ya posta. Lakini nishani za serikali alizikataa zote: mwaka 1955, mwaka 1961, mwaka 1968 alipotakiwa kupewa cheo cha Sir, kisha 1972 na 1976. Mara tano. Hakuna Mwingereza anayejulikana kukataa mara nyingi zaidi. Sababu aliyoitoa ilikuwa kwamba hapakuwa na maana tena, mama akiwa ameshakufa.

Mwaka 1948 alihamia kijiji cha Mottram, katika nyumba ya mawe ambayo aliilalamikia miaka 28 na asiihame. Nyumba ilijaa saa za ukutani, hakutaka simu, hakuwa na gari, na hakupata kusafiri nje ya Uingereza hata mara moja. Wakati huo viwanda vyenyewe vilikuwa vinakufa. Nguo za India na za Japani zilikuwa zimezinyang'anya soko tangu miaka ya 1930. Wazee wetu wakumbuka jinsi nguo za Kijapani za bei nafuu zilivyojaa maduka ya Mombasa wakati huo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Uingereza ilianza kununua nguo za pamba nyingi kuliko ilizouza, na mwaka 1959 serikali yake ikapitisha sheria ya kuwalipa wenye viwanda ili wavunje mashine zao. Waliopata kufanya kazi Kikomi ya Kisumu hawahitaji kuelezwa zaidi siku ya lango kufungwa inavyokuwa.

Lowry naye aliacha kuchora viwanda. Hakujilazimisha kuchora kilichokwisha ondoka. Akawachora watu mmoja mmoja, walemavu, wazururaji, mtu aliyelala juu ya ukuta. Na akachora bahari. Alikuwa akienda Sunderland, pwani ya mashariki, akikaa hotelini akitazama maji. Bahari zake hazina jahazi, hazina mvuvi, hazina ndege. Ni maji meupe na mbingu nyeupe, na mstari katikati. Sisi tuliozaliwa kando ya bahari tumezoea kuiona imejaa riziki, na nakiri picha hizo zilinitia baridi.

Picha zake sasa ni mali ya matajiri na majumba makubwa. Ile ya watu wakienda kutazama mpira, ya mwaka 1953, chama cha wachezaji wa kandanda kiliinunua mwaka 1999 kwa pauni milioni 1.9, na mwaka 2022 ikauzwa pauni milioni 7.8. Kwa bahati njema walioinunua ni The Lowry, jumba la sanaa lililofunguliwa Salford mwaka 2000 na kupewa jina lake, kwa hivyo yeyote aweza kuingia kuitazama. Kiwanda cha Acme hakipo. Kilibomolewa katika miaka ya 1980.

Mwaka 1957 msichana wa miaka 13, wa jina la ukoo kama lake lakini asiye na nasaba naye, alimwandikia barua kumwuliza namna ya kuwa mchoraji. Lowry hakumjibu. Miezi ikapita, kisha siku moja akaenda mwenyewe akabisha mlangoni kwao. Akamkaribisha mama mtu, na safari hii Lowry aliingia ndani. Urafiki wake na familia hiyo haukukatika, na binti huyo ndiye aliyerithi mali yake na picha zilizobaki. Lowry alifariki hospitalini Glossop kwa homa ya mapafu tarehe 23 Februari 1976, akiwa na umri wa miaka 88, miezi michache kabla ya Royal Academy kufungua maonyesho makubwa ya kazi zake zote. Alizikwa Manchester, katika kaburi moja na baba yake na mama yake.